Safari ya Ngomo: Siku tuliyokataa kupanda

Wengi mmeuliza kwa nini mifuko ya mchele na mahindi ilichelewa siku moja kufika Bukavu, na kwa nini nyanya zingine zilioza. Mama Prezidenti ameniomba niandike, maana mimi ndiye nilishika daftari la mizigo, na nilikuwa ndani ya ile kamio.

Wenye hawajapita njia ile, niwaeleze kidogo. Ziwa letu la Kivu liko juu, karibu mita 1,460. Kamanyola iko chini ya mita 1,000, mwanzoni mwa bonde la Ruzizi. Ukitoka Bukavu unapita Nyangezi, penye migomba na soko, kisha unaingia Ngomo. Hapo njia ni ya udongo, imechongwa ubavuni mwa mlima. Upande mmoja ni jiwe, upande mwingine ni shimo. Ukipata ujasiri wa kutazama, unaona bonde lote limetandikwa kama mkeka, mto Ruzizi katikati, na Rwanda ng'ambo. Joto linapanda kadiri unavyoshuka. Wamama wanavua vitenge vya mabegani mmoja mmoja.

Asubuhi ile, shofa alipowasha moteri, tulisikia ko-ko-ko-ko. Nilikuwa nimeketi mbele, nikaona mshale wa presha ya mafuta umelala pale chini kwenye tablo. Ulikawia, kisha ukapanda, na kelele ikanyamaza. Papa shofa akacheka: "Hii ni mzee. Wazee wote wanakohoa asubuhi kwa sababu ya baridi." Tukaamini, tukashuka salama.

Kamanyola tulinunua na kupakia kwa muda wa saa nne hivi. Jua lilikuwa kali kabisa. Shofa alipowasha tena, ko-ko-ko-ko ileile, na mshale ukakawia kuliko asubuhi. Hapo mama mmoja wa kikundi cha wauza mchele, ambaye marehemu bwana yake alikuwa shofa, akagonga mlango: "Papa, zima. Asubuhi ulisema ni baridi. Hapa Kamanyola baridi iko wapi?"

Shofa alikasirika. Wamama wengine pia walikasirika, maana nyanya hazingoji. Lakini yule mama alisimama imara. Alisema: mafuta ndiyo yanatenganisha chuma na chuma. Yakikawia kufika, vyuma vinasagana. Sasa gari limejaa, na mbele yetu ni Ngomo. Moteri ikikufa kwenye mpando, ndiyo hiyohiyo inayojaza hewa ya freni na kulainisha usukani. Tutarudi nyuma kuelekea shimo. Baada ya maneno mengi, shofa akazima na kumwita fundi.

Fundi hakufungua moteri mara moja. Kwanza alivuta kijiti cha kupimia mafuta: kiasi kilikuwa kizuri. Akayanusa, asije akakuta mazuti yamechanganyika ndani na kuyafanya mepesi. Hapana. Akafungua kidude kinachotuma habari kwenye tablo, akafunga kipimo chake mwenyewe. Nacho kilikawia, halafu kikapanda vizuri na kusimama. Basi tablo haikudanganya, na pompo ilikuwa bado na nguvu. Kisha akashika kipande kirefu cha mbao, ncha moja kwenye moteri, nyingine sikioni, kama muganga anavyosikiliza kifua cha mtoto. Akatuambia: kelele nyepesi ya juu, inayoisha mafuta yakifika, tunaweza kuitafutia dawa. Kelele nzito ya chini, inayozidi gari likivuta mzigo, ni ugonjwa wa ndani kabisa. Na hiyo ingekuwa sababu ya kupakua mifuko yote.

Akasema moteri ilale kwanza saa mbili. Halafu akafungua filtri. Ilipaswa kuwa imejaa mafuta, lakini ilikuwa karibu tupu. Ndani mna mpira mdogo unaozuia mafuta yasirudi chini gari likisimama. Mpira ule ulikuwa umekauka na kukunjamana. Kumbe kila gari liliposimama muda mrefu, mafuta yalirudi chini, na kila kuwasha, moteri ilianza kavu.

Hadi kijana wa pikipiki alipoleta filtri mpya, usiku ulikuwa umeingia. Tulilala palepale, juu ya mifuko, na mbu wa bonde hawakutuhurumia. Asubuhi fundi alijaza filtri mafuta kabla ya kuifunga. Shofa akawasha: mshale ulipanda upesi, hakuna ko-ko-ko. Tukapanda Ngomo polepole. Shofa hakucheka tena. Katika kila kona alitupia jicho mshale.

Vikapu viwili vya nyanya viliharibika. Mwenye navyo ni mjane, na alilia. Kikao cha Jumamosi kitaamua namna sanduku la shirika litakavyomsaidia. Naomba tuje wengi, maana hasara ile aliibeba kwa ajili yetu sote.

Tena naomba tukubaliane jambo moja kwa safari zijazo. Kabla ya kulipa kamio, mama mmoja akae mbele wakati shofa anawasha. Aangalie mshale na asikilize. Ukikawia kupanda, shofa asikanyage mafuta hata kidogo. Azime, fundi aitwe. Na mshale ukianguka njiani, gari lisimamishwe mahali pa kwanza penye usalama, mawe yawekwe nyuma ya magurudumu, moteri izimwe. Tusione haya kusema. Mzigo ni wetu, na watoto wanaotungoja nyumbani ni wetu.