Kucha za Bandia na Mikono ya Fundi

Watu wengi wakizungumzia kucha za bandia huuliza kama zinamfaa mwanamke mwenye heshima zake. Swali langu ni jingine: ndani ya vile vichupa mna nini, na ni nani aliyevikagua?

Swali hilo nimelipata nyumbani. Mdogo wangu humlea mwanawe kwa kazi ya kubandika kucha. Mwaka jana ncha za vidole vyake zilianza kuwasha, zikavimba na kupasuka. Daktari alimweleza kuwa ngozi yake imeikataa dawa ya kucha. Mzio huo kwa kawaida haumtoki mtu maishani, na dawa za jamii hiyo hiyo hutumika kuzibia meno.

Kucha hizo ni za aina tatu. Kuna za plastiki, zilizokwisha kuumbwa, ambazo hubandikwa kwa gundi. Kuna za akriliki, ambazo unga wake huchanganywa na kimiminika kikali ukakauka wenyewe. Tena kuna za jeli, zinazokaushwa kwa taa ya miali ya urujuanimno. Hatari kubwa imo katika dawa mbichi inapogusa ngozi, na mwenye kuigusa kutwa si mteja bali fundi.

Wengine wamekwisha kulishughulikia jambo hili. Katika miaka ya 1970 Serikali ya Marekani ilikwenda mahakamani kuizuia dawa ya akriliki iitwayo methili methakrileti, baada ya watu kuumia kucha na ngozi. Umoja wa Ulaya umeagiza dawa ya HEMA katika kucha itumiwe na mafundi tu, na tangu Septemba 2025 umepiga marufuku dawa ya jeli iitwayo TPO. Hapa kwetu, mwaka 2018 Spika wa Bunge aliwazuia wabunge kuingia na kucha na kope za bandia. Mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi ukahamishiwa Shirika la Viwango, TBS.

Mdogo wangu hakuiacha kazi, kwa maana tumbo la mtoto halingoji ngozi ipone. Sasa huvaa glavu na kuzibadilisha mara kwa mara, hufungua madirisha, na hukataa chupa isiyo na maandishi. Wapo wateja wanaomwona ana maringo.

Ndugu msomaji, uendapo saluni, iombe chupa uisome. Utajilinda wewe, na utamlinda pia aliyeishika.