Zana Nilizofanyia Kazi Bigwa

Nilichagua Python kwa sababu ya bei ya vocha. Kabla kebo ya SEACOM haijafika Dar es Salaam Julai 2009, intaneti yetu ilitegemea zaidi setilaiti, na huku Bigwa, chini ya Uluguru, kupakua faili kubwa kulimaliza salio kabla kazi haijaanza. Python ilikuja na vitu vyake ndani: zana ya XML-RPC ilikuwamo tangu toleo la 2.2, na toleo la 2.5 la mwaka 2006 likaleta ElementTree ya kusoma na kuandika XML. Ukishaisakinisha, unafanya kazi hata mtandao ukikatika.

Wateja wangu wa mwanzo walikuwa watu wa mjini Morogoro: chama cha akiba na mikopo, shule ya bweni, muuza pembejeo. Walitaka programu zao ziongee na mifumo ya makampuni makubwa, na makampuni hayo yalitaka SOAP, yaani ombi lifungwe ndani ya bahasha ya XML, kwa mpangilio ulioelezwa katika faili la WSDL. Kwa Python kulikuwa na SOAPpy na ZSI, kisha ikaja Suds. Niliipenda Suds kwa wepesi wake. Unaipa WSDL, inakupa orodha ya huduma, unaziita kama unavyoita kazi nyingine yoyote ndani ya programu.

Kampuni moja ilikataa kila ombi letu. Nikawasha kumbukumbu za Suds ili nione ujumbe wenyewe unaoondoka. Suds iliweka kiambishi chake mbele ya majina ya tagi, na kwa kanuni za XML ilikuwa sahihi. Seva ya upande wa pili ilitambua kiambishi kimoja tu, kile cha kwenye mfano wao. Nikakibadilisha, majibu yakaja. Tangu siku hiyo, zana isiyoniruhusu kuona na kugusa ujumbe kabla haujatoka siichukui, hata isifiwe vipi.

Kipimo changu cha pili ni uhai. Suds asilia haikutoa toleo jipya baada ya 2010. Python 2 ilipofikia mwisho wa matunzo, Januari 1, 2020, SOAPpy na ZSI zilibaki nyuma nayo. Kazi zangu za SOAP nilikuwa nimeshazihamishia Zeep, iliyoanza 2016 ikiwa juu ya lxml.

Kisha ukaja mfumo wa serikali wa malipo, GePG. Chuo kimoja kilitaka kila mwanafunzi apate namba ya kumbukumbu ya malipo bila mhasibu kuichapa kwa mkono. Kijana niliyekuwa nikimfundisha kazi akaniuliza, “Kaka, si tutumie Zeep?”

“Zeep inataka WSDL, mdogo wangu. Hapa tunatuma XML tupu kwa HTTP, na saini juu yake.”

Saini ya kidijitali hukokotolewa juu ya herufi zenyewe za ujumbe. Nafasi moja ikiongezeka kati ya tagi, saini haikubaliki tena. Kwa hiyo zana inayopenda kuipanga upya XML ili ipendeze haifai. Tuliunda ujumbe kama maandishi, tukayasaini kwa ufunguo wa siri wa chuo, tukayatuma yalivyo bila kuyagusa tena. ElementTree tuliiachia kusoma majibu.

Siku hizi vijana huniambia XML imezeeka, dunia yote ni JSON. Mfumo wa mamlaka ya mapato, TRA, wa risiti za kielektroniki bado unapokea XML, na mfanyabiashara wa sokoni hawezi kuahirisha risiti mpaka mtindo ubadilike. Kwa hiyo anayekuja kujifunza kwangu huanza bila maktaba yoyote. Aombe mfano wa ujumbe, autume kwa curl, alisome jibu. Akishaelewa seva inataka nini, ndipo tunakaa kuchagua zana, na mara nyingi huwa ameshaijua mwenyewe.