Kipimo Kiandikwe Siku ya Kwanza

Ngamiani, Tanga

Mwanangu Salma,

Bibi yako magoti yanamsumbua, lakini anakula vizuri na kila jioni anakuulizia. Ujumbe wako kuhusu The Apprentice, lile shindano la biashara la kwenye runinga, nimeusoma wote, pamoja na maneno mliyorushiana wewe na kaka yako Idrisa. Yeye anasema kazi wanazopewa wale washiriki ni za uonevu. Wewe unasema biashara ndivyo ilivyo, asiyeweza akae pembeni. Ningewaacha mmalizane wenyewe, ila umeniambia klabu yenu ya ujasiriamali hapo chuoni inaandaa shindano la namna hiyo, na wewe ndiye utakayetunga kazi. Basi nisikilize.

Chukua ile kazi ya kwanza kabisa, New York, mwaka 2004. Wanaume kundi lao, wanawake kundi lao, kila kundi likapewa dola 250 liuze sharubati ya limau barabarani. Wanaume wakaweka meza karibu na soko la samaki. Wanawake wakaenda penye wafanyakazi wa maofisini, wakauza kikombe dola tano, na mnunuzi akapata na busu. Wakashinda kwa mbali. Idrisa anasema wanaume walionewa kwa sababu walikuwa mahali pabaya. Hapo niko upande wako. Mahali walichagua wenyewe, na mtu anayeuza kinywaji penye shombo asimlaumu aliyetunga kazi.

Lakini endelea mbele kidogo. Wanawake wale walishinda kazi nne mfululizo, na zaidi ya mara moja walitumia urembo wao kuvuta wateja. Baada ya ushindi wa nne ndipo Donald Trump, aliyekuwa mwamuzi, akawaonya kwamba wanakaribia kuvuka mpaka. Makundi nayo yakachanganywa. Mimi sitaki kumwona binti akitoa busu ili kikombe kinunuliwe. Ningekuwa mwenye shindano ningelikataza jambo hilo, tena ningelikataza asubuhi ya siku ya kwanza, kabla limau halijakatwa. Waliambiwa mshindi ni atakayeleta fedha nyingi, wakaleta fedha nyingi. Kuwawekea sharti jipya wakati wameshatangulia ni kuwaonea, hata kama sharti lenyewe ni jema.

Kisa cha The Apprentice ya Uingereza cha mwaka 2011 kinaniuma zaidi. Miaka ya nyuma mshindi alikuwa anapata ajira kwa Alan Sugar, mfanyabiashara aliye mwamuzi wa huko. Mwaka huo zawadi ikabadilika: Sugar aingize pauni 250,000 kwenye biashara ya mshindi, wawe wabia nusu kwa nusu. Kazi za kila wiki zikabaki zilezile, nunua, uza, tangaza, rudi uhesabiwe. Helen Milligan alikuwa upande ulioshinda karibu kila wiki. Tom Pellereau alishindwa mara nyingi kuliko alivyoshinda. Fainali ilipofika, wakakalishwa mbele ya wahoji na mipango yao ya biashara mkononi, na Sugar akamchagua Tom, mbunifu ambaye tayari alikuwa ametengeneza tupa ya kucha iliyopinda.

Wewe umesema Sugar alikuwa na haki, fedha ni zake. Kweli, fedha ni zake, na kwa mtu anayetafuta mbia, mbunifu wa bidhaa huenda akawa chaguo bora kuliko muuzaji hodari. Simlaumu kwa uchaguzi wake. Namwonea uchungu Helen. Wiki zote zile alipimwa kwa mauzo na mpangilio, akapita. Siku ya mwisho kikaja kipimo kingine, akaanguka nacho. Kama kilichotakiwa ni wazo la biashara, lingesomwa mwanzoni, na kila mtu angejua anashindania nini. Kazi ngumu haimwonei mtu, wala bahati mbaya ya mvua au mteja mkorofi, maana hizo zinawakuta wote. Anayeonewa ni aliyekimbia kuelekea mstari uliokuja kuhamishwa.

Halafu tazama hesabu za vipindi hivyo. Mauzo toa gharama za bidhaa, basi, hiyo ndiyo faida. Jasho la washiriki, toka alfajiri mpaka usiku, haliandikwi popote, wala magari yanayowabeba. Mimi nikihesabu hivyo hapa dukani, bila kodi ya pango na bila posho ya msichana anayenisaidia, kila mwezi ningejiona tajiri. Tena mauzo ya siku moja hayawezi kuonyesha kama mteja atarudi. Biashara yangu ya khanga imesimama kwa mali kauli: mwenye duka la jumla ananipa mzigo kwa neno langu tu, nalipa nikishauza. Imani hiyo haijengwi kwa siku moja mbele ya kamera, na aliye nayo hawezi kuionyesha akipewa saa nane za kuuza kwa wapita njia.

Sisemi vipindi hivi havina faida. Unakumbuka kipindi cha Ruka Juu cha shirika la Femina Hip, mwaka 2011, vijana wa Kitanzania wenye biashara ndogondogo wakishindana kwenye runinga? Watafiti waliwafuatilia wanafunzi wa sekondari Dar es Salaam waliohimizwa kukiangalia. Hamu ya kuanzisha biashara iliongezeka, hasa kwa wasichana. Nilifurahi sana kusikia hivyo. Ila walitazama na upande wa pili, wakaona masomo ya wanafunzi hao yalirudi nyuma. Wangehesabu hamu peke yake wangeimba sifa tupu. Kwa hiyo na nyinyi msiwaweke wenzenu wauze wiki ya mitihani, hata kama mkuu wa klabu anaona ndiyo wiki yenye watu.

Kwenye shindano lenu, karatasi ya kwanza mtakayogawa iseme alama zinatoka wapi: faida ngapi, mteja kurudi ngapi, daftari safi ngapi, na mambo gani yamekatazwa. Majaji waisaini kabla ya washiriki. Atakayeonekana baadaye kuwa na kipaji msichokitaja, mpongezeni, ila msimpe ushindi wa mwenzake. Saa za kazi za kila mtu ziandikwe na zitiwe bei. Na kazi iende siku saba. Kwa siku moja mtampata mwenye sauti kubwa tu.

Mkikubali hayo, mzigo nitatoa mimi. Kila kundi litapata khanga idadi ileile na michoro ileile, kwa mali kauli, nizitume na basi la asubuhi. Niambie mapema makundi ni mangapi, na nani atakayepokea stendi.

Shangazi yako akupendaye,
Mwanahamisi