Msitu Wenye Uhai na Msitu Mtupu: Twende Udzungwa

Msomaji mpenzi, je, umepata kufika Udzungwa? Kama hujafika, twende pamoja leo, maana safari ya gazeti haina nauli.

Panda basi pale Mikumi, ushike njia iendayo Ifakara. Ukifika Kidatu utavuka Mto Ruaha Mkuu, na kutoka hapo macho yako hayatachoka. Mkono wa kushoto utaona miwa, mpunga na nyumba za watu. Mkono wa kuume imesimama milima kama ukuta, nayo imevaa msitu toka chini hata juu. Utapita Sanje, ambapo maji huporomoka mwambani mita 170 hivi. Mbele kidogo utafika Mang'ula, penye lango la Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Hifadhi hiyo iliwekwa mwaka 1992, na eneo lake ni kilomita za mraba 1,990.

Milima hii ni ya mwisho upande wa kusini katika safu ndefu ianziayo Taita, nchi ya Kenya, ikapitia Upare, Usambara na Uluguru. Misitu yake ni ya kale sana. Kwa mamilioni ya miaka imenyeshewa mvua itokayo Bahari ya Hindi, hata nyakati ambazo nchi za chini zilikauka. Ndiyo maana kila mlima umekuwa kama kisiwa, na viumbe waliobaki humo wamekuwa wa namna yao wenyewe.

Sikiliza mifano miwili. Mwaka 1979 wataalamu wawili, Katherine Homewood na Alan Rodgers, walisikia humo mlio wa mnyama wasiyemjua. Wenyeji walikuwa wakimjua siku zote, lakini vitabu vya elimu havikuwa na habari zake. Alikuwa mangabe wa Sanje, mnyama wa jamii ya kima, naye hapatikani mahali pengine duniani ila Udzungwa tu. Tena mwaka 1991 wataalamu wa ndege kutoka Denmark waliona miguu ya ndege ndani ya sufuria ya mchuzi kambini, wakashangaa. Hawakuwahi kuona miguu ya namna ile. Walipomtafuta mwenye miguu, wakamkuta kware wa msituni ambaye ndugu zake wa karibu wako Asia. Basi fikiri, msomaji: elimu nayo hutoka katika sufuria!

Sasa utauliza, mtaalamu awezaje kuwajua wanyama wa msitu mnene kama huu? Ukiingia humo kwa miguu, wao watakusikia kabla hujawaona. Chui atakupita karibu nawe usijue.

Hapo ndipo ilipoingia kamera ya msituni. Ni kisanduku kidogo kinachofungwa kwenye shina la mti, kando ya njia ya wanyama. Kina jicho linalohisi joto la mwili unaopita. Mnyama akipita, usiku au mchana, kisanduku humpiga picha chenyewe, na hapana mtu karibu wa kumtisha. Kwa njia hiyo, mwaka 2000, alionekana tena Udzungwa kanu mmoja ambaye tangu 1932 alijulikana kwa ngozi moja tu. Huyu ni mnyama mla nyama, mdogo, mwenye madoa. Mwaka 2005 kamera za Mwitalia Francesco Rovero, mtaalamu wa wanyama, zilimpata sange mkubwa katika msitu wa Ndundulu. Uso wake ni wa kijivu, sehemu ya nyuma ni nyeusi, uzito wake gramu 700 hivi. Hakuna sange mwingine duniani amfikiaye kwa ukubwa. Mwaka 2008 alitangazwa rasmi kuwa namna mpya.

Lakini kazi kubwa ya mtaalamu si kupata mnyama mpya. Kazi kubwa ni kuhesabu wale waliopo, mwaka hata mwaka, apate kujua kama wanaongezeka au wanapungua. Kwa kazi hiyo kituo cha uchunguzi kilifunguliwa Mang'ula mwaka 2006. Tangu 2009 kamera zimekuwa zikifungwa wakati wa kiangazi mahali 60 katika msitu wa Mwanihana, ulio juu ya Mang'ula na Sanje, na kila moja huachwa siku 30. Kima na mbega, kwa kuwa hukaa juu ya miti, huhesabiwa na watu wanaopita njia zile zile asubuhi baada ya asubuhi. Wengi wa watu hao ni Watanzania, na wengine ni wenyeji wa vijiji vya hapo hapo. Chui naye huhesabika kwa picha, kwani madoa ya chui mmoja hayafanani na ya mwenzake, kama alama za vidole vyetu.

Basi hesabu imesema nini? Hapa nakuomba usome polepole.

Kusini mwa hifadhi upo msitu mwingine wa milima hii hii, uitwao Uzungwa Scarp. Kwa miaka mingi ulikuwa hifadhi ya misitu kwa jina, lakini walinzi walikuwa wachache mno. Mwanihana, ulio ndani ya hifadhi ya taifa, idadi ya mbega ilikaa imara. Uzungwa Scarp, mbega wekundu na mbega weusi kwa weupe walipungua upesi sana katika miaka michache tu. Miti ilikuwepo. Ukisimama mbali ungesema, "Msitu ni mzuri." Lakini ndani ulikuwa ukibaki mtupu. Baadaye serikali iliupandisha daraja msitu huo uwe hifadhi ya mazingira asilia, ili ulinzi uongezwe.

Nini kiliwamaliza wanyama? Ni mbwa wa wawindaji, ni bunduki, na ni tanzi la waya. Tanzi halina macho. Mtu amelitega apate funo mmoja wa mboga, lakini litamshika pia minde, yule mnyama wa msituni afananaye na funo, mkubwa kuliko yeye, apatikanaye Tanzania peke yake. Pengine litamshika chui mguu. Mwenye tanzi asiporudi, nyama huoza na mnyama amekufa bure.

Labda utasema, "Chui ana faida gani kwangu? Na afe!" Usiseme hivyo upesi. Chui hula nguruwe mwitu, adui wa shamba lako la mahindi. Chui akikosa windo lake msituni, atatazama wapi ila katika zizi la mbuzi? Hondohondo na kima nao humeza matunda, wakatupa mbegu mbali na mti mama. Wakiisha hao, miti ya kesho itapandwa na nani? Na miti ndiyo inayotunza mito ishukayo mpaka mashamba ya mpunga, na mpaka mitambo ya umeme ya Kihansi.

Lakini haki isemwe pia kwa upande wa majirani. Zamani akina mama wa vijiji vya kando waliruhusiwa kuingia hifadhini siku moja kwa juma kuokota kuni. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ilikomeshwa. Msitu ulipata nafuu, lakini mzigo ulimwangukia mama mwenye sufuria na watoto. Mtu hawezi kuambiwa aupende msitu huku jiko lake halina moto. Kwa hiyo kupanda miti ya kuni nyumbani na kutumia majiko yanayobana kuni si mambo madogo. Ni ulinzi wa msitu sawasawa na bunduki ya askari, tena ni bora zaidi, maana haumwachi mtu na uchungu.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni amekuja na kamera yake, ametuhesabia mali yetu. Kupona au kutopona ni kazi ya mwenyeji.

Wewe msomaji, pengine kijiji chako kiko mbali na Udzungwa. Lakini kilima chenye miti hukosi kukijua, wala kijito kitokacho humo. Jioni hii muulize babu au bibi ni wanyama gani waliolia huko alipokuwa mtoto. Kisha toka nje usikilize ni wangapi wanaolia bado.