Ukungu Mmoja, Ukoo Tofauti

Kawangware, Nairobi

Kwa mpwa wangu mpendwa,

Mama yako ananiambia kuwa hapo Kibera hupiki githeri kabla ya kuchambua gorogoro zima la mahindi kuondoa punje zenye ukungu, na kwamba unauliza wataalamu hujuaje kuwa ukungu fulani ni spishi mpya.

Mwaka 2004, Makueni, Kitui na sehemu za jirani, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu, yaani sumu itokayo kwenye ukungu, na 125 wakafa. Aliyeshukiwa ni Aspergillus flavus, kuvu iliyopewa jina mwaka 1809. Mwaka 2007 mtafiti Claudia Probst na wenzake walionyesha kuwa iliyotawala katika mahindi yale ni aina ya S, yenye vijipunje vyeusi vidogo na sumu kali. Kwa sura ilikuwa sawa na aina ya S ya Marekani. Vinasaba vikakataa: mwaka 2012 wakaeleza kuwa hii ya Kenya ina ukoo wake. Wafananao si lazima wawe ndugu.

Ndiyo maana kazi ya kutambua spishi huanza kwa spora moja tu, isije ikachanganyika na nyingine. Huoteshwa kwenye sahani za agari kwa siku 7, nyingine katika nyuzi 25, nyingine 37. Mtaalamu huandika rangi, upana na hali ya upande wa chini, kisha hupima spora kwa hadubini. Baadaye husoma jeni, hasa ya kalmodulini, na kulinganisha na spishi zinazojulikana. Ikikosa mwenzake, huchapisha maelezo, huhifadhi sampuli iliyokaushwa na kusajili jina. Tangu 2013, jina jipya lisilosajiliwa halitambuliwi. Basi ukiona jina la Kilatini, usilione laelea, limeundwa.

Faida yake iko shambani. Bidhaa iitwayo Aflasafe KE01, iliyosajiliwa Kenya mwaka 2015, hutumia flavus za hapa nchini zisizotoa sumu ili ziwahi nafasi ya zile zenye sumu. Huwezi kuzichagua kama huwezi kuzitofautisha.

Endelea kuchambua, na punje zilizooza zitupe. Lakini sumukuvu haionekani, wala moto wa jikoni hauimalizi. Kwa hiyo nunua mahindi makavu, uyaweke pakavu. Na ukifika chuoni, jizoeze kuchora unachokiona kwenye hadubini kabla hujauliza kinaitwaje.

Nisalimie mama.

Mjomba wako