Lushoto: Tik, Tik, Tik Baada ya Kuzima Gari

Wazo la safari lilikuwa langu. Nilimwambia mume wangu twende Lushoto wikiendi moja ya Julai, tupumzike na foleni za Dar, tulale kwenye baridi kama wapenzi wapya. Akakubali. Ijumaa alfajiri tukawasha kigari chetu, tukaipita Chalinze jua likianza kuwaka.

Mpaka Segera tulikuwa tunacheka. Tukasimama kunywa chai, na mimi nikafungua droo ya dashibodi kutafuta tishu. Nikakuta barua. Ofisi yake inamhamishia Mwanza kuanzia Septemba, na chini kabisa kuna sahihi yake, amekubali! Tarehe ni ya wiki tatu nyuma. Nikaikunja, nikairudisha. Aliniona. Hakusema kitu, na mimi nikanyamaza.

Tukapita Korogwe kimya. Mombo tukaiacha barabara kuu, tukakata kulia kuanza mlima. Kama hujawahi kupita pale, jiandae. Ni kilometa zipatazo 33 za kona juu ya kona, jabali upande mmoja na bonde upande wa pili. Gari letu lilikuwa gia ya pili muda mwingi, injini ikinguruma. Ukifika Soni kuna maporomoko ya maji yanayoonekana kutoka barabarani. Wanandoa wengine walikuwa wanapigana picha. Sisi tukapita.

Lushoto mjini ni zaidi ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari. Wajerumani waliipenda kwa baridi yake, wakaipa jina la Wilhelmstal, kwa heshima ya mfalme wao. Hatukusimama mjini pia. Tukaenda moja kwa moja Irente, kwenye ukingo wa mlima, ambako ardhi inakatika ghafla na unaona tambarare ya Mazinde iko chini kabisa, na magari ya barabara kuu yanafanana na siafu.

Akazima gari. Kimya. Halafu chini ya miguu yetu: tik. Tik, tik. Tik-tik-tik.

"Gari linalia nini?" nikauliza. Yalikuwa maneno yangu ya kwanza tangu Segera.

"Sijui," akasema. "Labda limechemsha."

Tukashuka wote wawili tukainama. Mshale wa joto ulikuwa sawa, hakuna maji wala oili iliyomwagika. Mlinzi mmoja wa makamo, koti zito na kofia ya sufi, akatusogelea. Tukamwamkia, akaitikia, akasikiliza kidogo, akacheka.

"Hiyo ni ekzosi inapoa, wanangu. Nyumbani kwenu hamna bati? Jua likizama bati halilii?"

Jamani! Ni kweli. Nimekulia chini ya bati, na kila jioni lilikuwa linagonga hivyo hivyo.

Maelezo yake ni haya. Chuma kikipata joto kinatanuka. Bomba la chuma la urefu wa mita 1, likipanda joto kwa nyuzi 300, linarefuka kwa zaidi ya milimita 3, na ekzosi upande wa injini hufika joto hilo na zaidi, hasa mkipanda mlima. Ukizima gari, chuma kinaanza kurudi, ila si vyote kwa pamoja. Yale mabati membamba ya kukinga joto yanapoa haraka, bomba lenyewe na masega yake vinachelewa. Vimefungwa pamoja, kwa hiyo kimoja kinavuta, kingine kinagoma, mpaka kinateleza ghafla. Huko kuteleza ndiko tik. Mwanzo zinafuatana haraka, baadaye zinapungua, mpaka kimya. Na kwenye baridi kama ya Lushoto unazisikia vizuri zaidi.

Mlinzi akaondoka. Tukakaa kwenye jiwe, gari nyuma yetu likiendelea.

"Kwa nini hukuniambia?" nikasema.

Akachelewa kujibu. Akasema aliogopa ningekataa kwa sababu ya kazi yangu, na yeye ameisubiri nafasi ile miaka minne. Nikamwambia kwamba Mwanza naweza kuizoea, ila kuikuta sahihi yake kwenye droo ndiko kumeniumiza. Nililia kidogo. Naye akaomba msamaha, safari hii bila kujitetea. Tulipanga pale pale: yeye atangulie, mimi nimalize mkataba wangu Desemba, na barua yoyote inayogusa maisha yetu tunaisoma wawili kabla ya kalamu. Tulipoinuka, gari lilikuwa limeshanyamaza.

Leo ni mwaka wa pili tuko Mwanza. Haikuwa rahisi, lakini tupo.

Nawe ukienda Lushoto na mwenzi wako, usiogope tik za baada ya kuzima gari. Ziogope zile zinazosikika injini ikiwa inaunguruma na kuongezeka ukikanyaga mafuta. Hiyo inaweza kuwa gasketi ya ekzosi inavuja au oili imepungua, mwone fundi. Usiegeshe juu ya majani makavu gari likiwa la moto, yanaweza kushika moto. Usimwagie ekzosi maji ili ipoe, wala usiiguse. Wakati wa kushuka Mombo, tumia gia ndogo, breki zisipate moto. Na mkifika Irente, msikimbilie kamera. Kaeni kwanza, gari lipoe. Kama kuna jambo mlilolibeba tangu nyumbani, hapo pana nafasi ya kulitoa.