Herufi Mbili za Kalamu Nyeusi

"Tonton, bonyeza tu Exécuter quand même," mpwa wangu aliniambia juzi hapa Kipese, kabla sijamaliza kusoma. Alikuwa akiweka programu yake ya stoki ya dawa kwenye kompyuta ya kituo cha afya, na Windows ikatoa dirisha la buluu: mtengenezaji hajulikani. Nikamuuliza, kwani wewe hujulikani? Akacheka. Kwake onyo lile ni mlango unaokwama; unausukuma, unapita.

Zamani programu tulizifuata Butembo, kwa mzee mmoja mwenye kaduka upande wa soko. Ulipokelewa na moshi wa grupu na harufu ya plastiki ya CD zilizotoka kuchomwa. Mzee hakuwa na haraka. Kila CD aliipitisha kwenye antivirusi, akaifungua kwanza kwenye mashine yake mwenyewe, akangoja. Ndipo akachukua kalamu nene nyeusi, akaandika tarehe na herufi mbili za jina lake, karibu na tundu la katikati. Mashine ikiugua, ulijua pa kwenda kupigia kelele. CD isiyo na zile herufi tuliikataa hata kwa nusu bei.

Nimeangalia ni lini kompyuta nazo zilianza kudai herufi za namna hiyo. Microsoft ilileta sahihi za programu, Authenticode, mwaka 1996. Mwaka ule huku kwetu nani alikuwa na nafasi ya mambo hayo? Onyo la buluu lilikuja na Windows 8, 2012.

Wazo lenyewe zuri. Mtoa cheti anahakikisha wewe ni nani, unatia sahihi kwa ufunguo wako wa siri, na faili ikiguswa njiani sahihi inakataa. Mzee hakuliweza hilo. Ila kirusi cha Stuxnet, 2010, kilitembea na sahihi halali za Realtek na JMicron, kampuni za Taiwan ambazo hazikukiandika.

Kinachoniudhi ni masharti ya kupata cheti: mamia ya dola kwa mwaka, namba ya usajili wa biashara (RCCM) kama ni kampuni, anwani inayohakikika. Tangu Juni 2023 ufunguo lazima ukae ndani ya kifaa maalumu, mara nyingi kijiti cha USB kinachotumwa kwa posta. Posta, Kipese!

Basi kijana anatuma zip kwa WhatsApp, na sauti ya kumweleza muuguzi abonyeze wapi. Muuguzi haulizi. Kesho mwingine akimtumia zip yake na sauti tamu vilevile, atabonyeza palepale.